Vimeng'enya na Ubadilishaji wa Nyuso za Polima Sintetiki: Maelezo na Suala la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi vimeng'enya vinavyotumiwa kubadili nyuso za polima sintetiki, hususan poliesta, nailoni na akriliki, ili nyuso hizo zikubali maji na rangi bila kudhoofisha nyuzi zenyewe. Sambamba na maelezo hayo, makala yanachunguza iwapo istilahi kimeng'enya, ambayo mzizi wake unahusu uvunjaji wa chakula tumboni, inaweza kubeba dhana hiyo. Inadaiwa kwamba istilahi hiyo haina budi kubaki, ila vitenzi vinavyoandamana nayo viteuliwe kwa makini, kwa kuwa katika fani hii kosa la kitenzi huwa pia kosa la sayansi.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umejikita mara nyingi katika asili ya maneno: je, istilahi zitoholewe kutoka lugha za kigeni, au ziundwe kutokana na mizizi ya Kibantu? Swali hilo ni la msingi, lakini halimalizi tatizo. Istilahi ikishaundwa na kukubalika huingia katika sentensi, na humo huandamana na vitenzi, viambishi na maneno mengine yanayoiongezea au kuipunguzia maana. Ni katika sentensi, wala si katika orodha ya istilahi, ambamo dhana ya kisayansi husimama au huanguka.

Istilahi kimeng'enya inafaa kuwa mfano. Imeundwa kwa kiambishi ki- cha ngeli ya KI-VI na kitenzi -meng'enya, chenye maana ya kuvunja kitu katika vipande vidogo vidogo, hususan chakula kinapolainishwa na kusagwa tumboni. Mwanafunzi hukutana na neno hili kwanza katika mada ya mmeng'enyo wa chakula, na hapo maana ya mzizi na maana ya kitaaluma hulingana barabara. Umbo linaloshindana nalo, enzaimu, limetoholewa na halimwambii msemaji wa Kiswahili lolote kuhusu kazi ya kitu kinachotajwa.

Ni vyema ikumbukwe kwamba hata jina la kigeni lilikuwa finyu tangu mwanzo. Wilhelm Kühne, mwanafiziolojia wa Ujerumani, alipoliunda katika miaka ya 1870, alitumia maneno ya Kiyunani yenye maana ya "ndani ya chachu". Leo inajulikana kwamba vimeng'enya vimo katika kila kiumbe hai, wala si katika chachu tu. Hata hivyo, ufinyu huo haumsumbui mtu, kwa sababu wasomaji wachache mno huisikia chachu ndani ya jina hilo. Kiswahili kimo katika hali tofauti: mzizi wa kimeng'enya uko wazi, na uwazi huo ni faida na hatari kwa wakati mmoja. Katika uainishaji wa kimataifa vimeng'enya vimegawanywa katika makundi makuu saba, la saba likiwa limeongezwa mwaka 2018. Moja tu kati ya hayo ndilo la vimeng'enya vinavyovunja vifungo vya kikemikali kwa kutumia maji, kama ilivyo tumboni. Makundi mengine yanahusika na kazi kama vile kuoksidisha, kuhamisha, kuunganisha na kupanga upya. Jina la Kiswahili limechukua kazi ya kundi moja likayaita yote.

Ubadilishaji wa nyuso za polima sintetiki ni uwanja ambamo hatari hiyo hujitokeza waziwazi. Ili ionekane, sharti kwanza jambo lenyewe lielezwe.

2.0 Polima sintetiki na tatizo la uso

Polima ni molekuli ndefu mithili ya mnyororo, iliyojengwa kwa molekuli ndogo, yaani monoma, zilizoungana moja baada ya nyingine. Pamba, sufu na hariri ni polima za asili. Polima sintetiki ni zile zinazotengenezwa na binadamu, nyingi kutokana na mazao ya petroli. Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Poliesta inayotumiwa zaidi katika nguo na chupa, polyethilini tereftalati, ilivumbuliwa Uingereza na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliopata hataza yake mwaka 1941.

Sifa za nyuzi hizi zinajulikana: ni imara, hazikunjamani kirahisi, hukauka upesi na haziozi. Kasoro yao kubwa iko juu ya uso. Katika hali ya kawaida ya hewa, pamba hubeba unyevu unaokaribia asilimia 8 ya uzito wake na nailoni takriban asilimia 4, ilhali poliesta hubeba asilimia 0.4 tu. Ndiyo maana vazi la poliesta huacha jasho mwilini, hukusanya umeme tuli na hung'ang'ania madoa ya mafuta. Rangi nazo huingia kwa shida: kwa kawaida kitambaa cha poliesta hutiwa rangi katika mtambo wenye shinikizo, kwa joto la karibu digrii 130 za Sentigredi. Sababu ya yote haya ni moja. Juu ya uso wa poliesta hamna makundi tendaji ya kutosha, yaani mafungu ya atomu ambayo maji, rangi au gundi vingeweza kuyashika.

Njia ya zamani ya kuondoa kasoro hiyo ni kukichovya kitambaa katika mmumunyo moto wa sodiamu haidroksidi. Alkali hiyo hukata vifungo vya esta vilivyo juu ya uzi, lakini haikomi hapo. Huendelea kuubambua uso tabaka baada ya tabaka, uzito wa kitambaa hupungua, na uzi hupoteza sehemu ya nguvu zake. Maji machafu yanayobaki nayo ni makali na sharti yasafishwe kabla ya kumwagwa. Njia nyingine ni kutumia plazma, yaani gesi iliyotiwa umeme hadi chembe zake zikawa na chaji. Njia hii haihitaji maji mengi, lakini huhitaji mitambo maalumu. Ni kutokana na mapungufu hayo ndipo watafiti walipovigeukia vimeng'enya.

3.0 Utendaji wa vimeng'enya juu ya uso

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba polima sintetiki, kwa kuwa si zao la maumbile, haziwezi kuguswa na vimeng'enya. Dhana hiyo ilipuuza jambo moja: kimeng'enya hakitambui asili ya dutu, bali umbo na kifungo. Majani ya mimea yamefunikwa kwa utando wa kutini, ambayo ni poliesta ya asili. Kuvu wanaoshambulia mimea hutoboa utando huo kwa kimeng'enya kiitwacho kutinasi. Vifungo vya esta vilivyomo katika kutini ni vya aina moja na vile vilivyomo katika poliesta ya kiwandani. Hivyo basi, kimeng'enya kilichozoea jani huweza pia kufanya kazi juu ya kitambaa.

Kutinasi iliyochunguzwa sana ni ile ya kuvu Fusarium solani, ambayo umbo lake lilibainishwa mwaka 1992. Vimeng'enya vingi vya jamaa yake wa karibu, yaani lipasi, vina kitu mithili ya kifuniko juu ya sehemu tendaji. Kutinasi hiyo haina kifuniko, na sehemu yake tendaji iko wazi, jambo linaloirahisishia kuukabili uso wa dutu isiyoyeyuka. Molekuli yake ina upana wa nanomita chache tu, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Hata hivyo, ni kubwa mno kuweza kupenya katikati ya minyororo ya polima iliyobanana. Ukubwa huo, ambao kwingineko ungekuwa kikwazo, hapa ndio faida yenyewe: alkali haina huruma kwa uso inaoubambua, ilhali kimeng'enya hulazimika kubaki nje, na nguvu ya uzi ulio chini yake husalia.

Kila kifungo cha esta kinachokatwa kwa msaada wa maji huacha ncha mbili, moja ikiwa na kundi la kaboksili na nyingine kundi la haidroksili. Makundi yote mawili hukubali maji. Hapa lakini pana tofauti ya msingi kuhusu mahali pa kukatia. Kimeng'enya kikikata mnyororo kwenye ncha zake, vipande vidogo huchomoka na kuyeyuka majini, na uso hubaki karibu kama ulivyokuwa. Kikikata katikati ya mnyororo, ncha mpya hubaki zimeshikamana na uzi, na uso huwa na makundi tendaji mengi zaidi. Kwa anayetaka kubadili uso, ukataji wa katikati ndio unaotakiwa. Kwa hiyo kimeng'enya kinachotoa mabaki mengi majini si lazima kiwe ndicho kilichoubadili uso vizuri zaidi.

Nailoni hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kifungo chake ni cha amidi. Kifungo cha aina hiyo ndicho kinachoshikanisha asidi amino ndani ya protini, na kwa sababu hiyo baadhi ya protiasi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini, huweza kukikata. Ncha zinazobaki ni za kaboksili na amino.

Akriliki ni tofauti kabisa. Uti wa mnyororo wake ni kaboni tupu, na vimeng'enya hivi haviugusi. Kando ya uti huo mna makundi ya naitraili, kila moja likiwa na atomu ya kaboni na ya naitrojeni. Kimeng'enya kiitwacho naitraili haidratasi huongeza molekuli ya maji katika kundi hilo na kuligeuza kuwa amidi. Kingine, amidasi, huigeuza amidi hiyo kuwa kaboksili huku amonia ikitoka. Mnyororo wenyewe haukatiki popote. Utendaji huu si wa maabara tu: nchini Japani naitraili haidratasi ilianza kutumiwa kutengeneza akrilamidi kwa kiwango cha kiwanda mwaka 1985, ingawa kazi hiyo ilihusu molekuli ndogo wala si uso wa kitambaa.

Mwisho, kuna vimeng'enya vinavyounganisha. Lakasi, iliyogunduliwa na Mjapani Hikorokuro Yoshida mwaka 1883 katika utomvu wa mti wa vanishi wa Japani, huoksidisha fenoli kwa kutumia oksijeni ya hewani. Fenoli zilizooksidishwa hushikana zenyewe kwa zenyewe, na huweza pia kushikana na makundi ya amino yaliyo juu ya uso. Hivyo uso wa nailoni uliokwisha kufunguliwa kwa protiasi huweza kupandikizwa rangi kwa lakasi. Kazi za aina hizi ziliendelezwa sana Ulaya, hususan na Georg Guebitz wa Austria na Artur Cavaco-Paulo wa Ureno, ambao mwaka 2008 walichapisha mapitio yaliyozikusanya pamoja na kuutambulisha uwanja huu kwa wasomaji wengi.

4.0 Ushahidi wa mabadiliko na mtego wake

Kipimo rahisi cha mabadiliko ya uso ni tone la maji. Juu ya uso unaokataa maji tone husimama. Juu ya uso unaoyakubali hutandaa. Pembe iliyopo kati ya ukingo wa tone na uso hupimwa, na ikipungua husemwa kwamba uso umeanza kukubali maji. Kipimo kingine ni rangi yenye chaji chanya, ambayo hushikwa na makundi ya kaboksili yenye chaji hasi. Kadiri kitambaa kinavyokolea, ndivyo makundi yanavyokadiriwa kuwa mengi.

Mtego uko hapa. Kimeng'enya chenyewe ni protini, na protini hunata kwa urahisi juu ya uso unaokataa maji. Protini iliyonata hukubali maji, na ina makundi yake ya kaboksili na amino. Kwa hiyo tone la maji litatandaa na rangi itakolea hata kama hakuna kifungo hata kimoja cha polima kilichokatwa. Mtafiti asiye mwangalifu atapima protini akidhani anapima poliesta.

Tahadhari zinazochukuliwa ni mbili. Kwanza, kitambaa huoshwa kwa nguvu, mathalani kwa sabuni na sodiamu kaboneti, ili protini ibanduke kadiri inavyowezekana. Pili, kipande kingine cha kitambaa hicho hicho huwekwa katika kimeng'enya kilichouawa, kwa mfano kwa kuchemshwa. Protini iliyouawa haikati kitu, ila bado huweza kunata. Vipande viwili vikionyesha matokeo sawa, hakuna mabadiliko ya kikemikali yaliyothibitishwa. Ni tofauti kati yao tu inayoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya kimeng'enya.

5.0 Suala la istilahi

Maelezo yaliyotangulia yanaonyesha matendo yasiyopungua manne: kukata kifungo cha mnyororo, kuongeza maji katika kundi la pembeni, kuunganisha, na kunata bila kubadili kitu. Mwandishi akiyaeleza yote kwa kitenzi -meng'enya, atakuwa sahihi kwa sehemu katika tendo la kwanza, na atakosea katika mengine yote. Sentensi "kimeng'enya kimeimeng'enya akriliki" ina sarufi isiyo na dosari na sayansi isiyo ya kweli, kwa kuwa mnyororo wa akriliki haukuvunjika.

Hata hivyo, kitenzi hicho kina mahali pake halali katika fani hii. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria aitwaye Ideonella sakaiensis, anayeitumia poliesta kama chanzo kikuu cha kaboni na nishati. Hutumia vimeng'enya viwili: cha kwanza huikata poliesta vipande vidogo, na cha pili hukamilisha kazi hadi kupatikana asidi tereftaliki na ethilini glaikoli. Mwaka 2020 watafiti nchini Ufaransa walieleza kimeng'enya kilichoboreshwa ambacho, kwa joto la digrii 72 za Sentigredi, kilirudisha angalau asilimia 90 ya poliesta iliyoandaliwa katika hali ya monoma kwa muda wa saa 10. Haya ni mmeng'enyo kwa maana kamili ya neno: dutu huvunjwa hadi isiwepo tena. Lengo la kubadili uso ni kinyume chake, yaani dutu ibaki ilivyo isipokuwa pale inapokutana na ulimwengu. Kimeng'enya kinaweza kuwa cha jamii moja katika kazi zote mbili. Kinachotofautisha ni joto, muda, na kiasi cha fuwele katika polima, kwa kuwa sehemu za fuwele zilizopangika hustahimili kuliko zile zisizo na mpangilio. Lugha isipotenganisha malengo haya mawili, msomaji atahofia kwamba vazi lililoboreshwa kwa kimeng'enya litamwishia mwilini.

Inapendekezwa, basi, kwamba -meng'enya itumike pale tu dutu inapovunjwa hadi mwisho. -Kata itumike kwa kifungo kimoja kimoja. -Pandikiza itumike pale kitu kipya kinapounganishwa na uso kwa kifungo cha kikemikali, kama mkulima anavyopandikiza kikonyo. Na -nata ibaki kwa mshikamano usio na kifungo hicho. Kwa mchakato wote, ubadilishaji wa uso unafaa kuliko urekebishaji, unaodokeza kasoro iliyokwisha kuondolewa, na kuliko ugeuzaji, unaodokeza kitu kuwa kingine kabisa. Jambo dogo la kuongezea ni neno nyuzi, ambalo katika fani hii huhitajika kwa maana ya nyuzi za kitambaa. Kulitumia tena kwa vipimo vya joto na pembe ni kumchanganya msomaji, na hapa digrii ina faida iliyo wazi.

Mnyambuliko wa vitenzi una mchango mkubwa zaidi. Tuchukue sentensi hizi mbili:

(1) Uso umebadilika.
(2) Uso umebadilishwa na kimeng'enya.

Sentensi ya (1) ina kauli ya kutendeka, ambayo hutaja hali bila kudai mtenda. Sentensi ya (2) ina kauli ya kutendwa, na mtenda ametajwa. Mtafiti aliyeona tone la maji likitandaa ana haki ya kuandika (1) tu. Haki ya kuandika (2) huipata baada ya kulinganisha na kimeng'enya kilichouawa. Tofauti iliyojadiliwa katika sehemu ya 4.0 kwa aya tatu imo tayari katika viambishi -ik- na -ishw-, ikimsubiri mwandishi anayejua kuitumia. Katika ripoti nyingi za kitaaluma kauli hizi hubadilishanwa kwa sababu za mtindo tu, kana kwamba zina maana moja.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vimeng'enya hubadili nyuso za polima sintetiki kwa sababu ni vikubwa mno kupenya ndani, na kwamba thamani yao katika kazi hii imo katika kukomea juu. Yameonyesha pia kwamba istilahi kimeng'enya inataja kazi moja kati ya nyingi. Si hoja ya kuiacha istilahi hiyo. Imekwisha kuzoeleka madarasani, na kuibadilisha kungevuruga zaidi kuliko kusaidia. Isitoshe, jina la Kiyunani nalo lilivuka mipaka ya chachu bila kubadilishwa.

Linalohitajika ni kwamba wanaotunga vitabu na wanaofundisha wasiuache mzizi wa jina uwachagulie kitenzi. Orodha za istilahi zingefaa zaidi iwapo kila nomino ingeandamana na vitenzi vinavyoruhusiwa kuitangulia na kuifuata, pamoja na kauli zake. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika kuhusu jambo kama hili kwa Kiswahili hatakwama kwa kukosa nomino, kwani nomino zipo au huweza kutoholewa kwa siku moja. Atakwama, au atapotosha, pale atakapoandika kwamba uso umemeng'enywa ilhali kilichotokea ni protini kunata tu.